Siku Tatu Mombasa: Mgeni Alale Mtaa Gani?

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mithali hiyo yawafaa sana watu wa bara wanaokwenda kuitazama Mombasa, kwa maana wengi wao hupata ruhusa ya siku tatu tu kutoka kazini, au hujipatia siku tatu baina ya kuchuma majani ya chai na kupalilia mahindi, na siku ya nne jembe au kalamu huwa yawangoja nyumbani. Mtu mwenye siku tatu hana nafasi ya kukosea. Na kosa kubwa alifanyalo msafiri wa namna hiyo si katika kuchagua gari, wala si katika kuchagua chakula, bali ni katika kuchagua mtaa atakaolala. Akilala mahali pasipomfaa, siku zake zitaishia njiani, ndani ya matatu, akiitazama migongo ya abiria wenzake.

Karani mmoja wa ofisi ya serikali, mwenyeji wa milima ya Murang'a, alilitambua jambo hilo katika mwezi wa Julai, mwaka 2023. Alikuwa amepewa ruhusa, naye alikusudia kumpeleka mama yake akaione bahari. Mama huyo alikuwa amekaribia miaka themanini, magoti yake yalikuwa mabovu, na maishani mwake mwote alikuwa hajapata kufika mbali kuliko Nairobi. Fedha za safari zilikuwa bonasi ya chai, ambayo mama mwenyewe aliiweka akiba kidogo kidogo ndani ya kopo. Kwa hiyo karani alijua wazi kwamba safari hiyo isingerudiwa. Kama ingeharibika, ingekuwa imeharibika kabisa.

Mashauri ya Ofisini

Wenzake wa ofisini walimpa mashauri matatu, na kila mmoja aliapa kwamba lake ndilo la haki. Wa kwanza alisema waende Nyali au Bamburi, kwa maana huko ndiko kuliko na mchanga mweupe na hoteli zilizo karibu na maji. Wa pili, aliyekuwa mtu wa kuhesabu senti, alisema wachukue chumba karibu na Mwembe Tayari, penye ofisi za mabasi, wasipoteze nauli za bure. Wa tatu alikuwa amesoma habari za kale, naye alisema kwamba mtu asiyelala Mji wa Kale hakulala Mombasa, bali alilala kando yake tu.

Karani hakuwajibu. Jioni ile alichukua karatasi akachora ramani, akaanza kupima maneno yao moja baada ya jingine. Huo ulikuwa mwanzo mwema, maana Mombasa haieleweki ila kwa mtu anayejua milango yake.

Mombasa yenyewe ni kisiwa. Upande wa magharibi kimeunganishwa na bara kwa daraja la Makupa, ambako hupita barabara itokayo Nairobi. Upande wa kaskazini liko daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kushika mahali pa daraja la zamani ambalo tangu mwaka 1931 lilikuwa likielea juu ya maji. Upande wa kusini watu huvuka kwa feri ya Likoni, na aendaye kwa miguu halipi kitu. Hiyo ndiyo milango mitatu. Kila asubuhi maelfu ya watu waishio bara huingia kisiwani kwa kazi, na kila jioni hutoka kwa milango hiyo hiyo kurudi makwao.

Basi mgeni na afikiri. Akilala Nyali, na haja zake ziko kisiwani, ataingia asubuhi pamoja na umati wa wafanyakazi, na jioni atatoka pamoja nao. Mara mbili kwa siku atakaa katika msongamano wa magari. Lakini akilala kisiwani, kisha akaenda pwani ya Nyali kuoga baharini, atakuwa akitoka wakati wengine wanaingia, na kurudi wakati wengine wanatoka. Njia ni ile ile, na nauli haina tofauti kubwa, lakini saa zitakazookolewa ni nyingi. Jambo hili dogo halisemwi katika matangazo ya hoteli.

Hesabu ya Saa

Kisha karani akahesabu saa zake. Gari la moshi la reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, huondoka Nairobi katika stesheni ya Syokimau, na safari huchukua saa tano au sita, kulingana na gari lenyewe. Lakini halifiki kisiwani. Abiria hushuka Miritini, upande wa bara, na kutoka hapo ni lazima wapande gari jingine mpaka mjini. Apandaye gari la asubuhi hufika baada ya adhuhuri. Na arudiye kwa gari la alasiri yampasa awe stesheni mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa kabla ya kuingia. Hivyo siku tatu zilipopimwa vizuri zilionekana kuwa jioni moja, siku moja nzima, na asubuhi moja. Hakuna zaidi.

Wasafiri wengi hawaifanyi hesabu hiyo. Huandika katika daftari zao mambo kumi na mawili ya kutazama, kisha huona manne, na hayo manne huyaona kwa haraka. Karani aliamua kwamba mama yake aone mambo matatu tu, lakini ayaone akiwa ameketi.

Nyali na Bamburi

Nyali na Bamburi ni mahali pazuri, wala hapana haja ya kupadharau. Pwani ni ndefu, na ile ya umma ya Jomo Kenyatta huko Bamburi hujaa jamaa za watu wa kila kabila siku za mapumziko, watoto wakielea juu ya mipira ya magari. Hapo Bamburi pia ndipo palipo bustani ya Haller. Zamani palikuwa shimo tupu la kuchimba mawe ya kutengenezea simiti. Tangu mwaka 1971 bwana René Haller alianza kupanda miti pale, na leo ni msitu wenye wanyama na ndege. Mkulima yeyote ambaye shamba lake limechakaa angefaidika kupatazama.

Tena iko Kengeleni, karibu na njia ya kuingia Nyali, ambapo hata leo yasimama kengele ya Freretown. Mji ule ulianzishwa mwaka 1875 na wamisheni wa Kanisa la Uingereza ili kuwapa makao watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa. Wapitao kwa matatu huiona kengele hiyo kila siku, na wengi wao hawajui ni ya nini.

Lakini mgeni wa mwezi wa Julai yampasa ajue kwamba huo ni wakati wa kusi. Upepo huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, na mwani hurundikana ufuoni. Tena pwani ile maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Yakipwa, maji hurudi nyuma mbali, na mtu huachwa akitazama mchanga, mawe na vidimbwi. Saa ya maji kujaa nayo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, hata maji yaliyojaa leo saa nne, kesho yatajaa karibu na saa tano. Mtu wa siku kumi haimdhuru. Mtu mwenye asubuhi moja aweza kufika ufuoni akakuta bahari imekwenda zake. Mtu akitaka kulala huko, na awaulize kwanza wavuvi au wenye nyumba saa ya maji, ndipo apange siku yake.

Karani aliona kwamba Nyali yawafaa zaidi wenye watoto, wenye siku tano au zaidi, na wasiokuwa na haja kubwa kisiwani.

Mwembe Tayari na Majengo

Shauri la pili lilikuwa la Mwembe Tayari. Mtaa huo una nyumba za wageni zenye vyumba vya bei nafuu, na mtu hushuka basi akatembea hatua chache tu. Kwa mfanyabiashara aliyekuja kununua leso katika mtaa wa Biashara, au viungo katika soko la Marikiti, hapana mahali bora, kwa kuwa huamka mapema, hufunga mzigo wake, na jioni huondoka. Lakini mabasi hayalali. Wapiga debe huita abiria usiku kucha, honi hulia, na moshi huingia madirishani. Kijana huvumilia. Mama wa miaka themanini hangevumilia.

Karibu yake ndipo ulipo Majengo, mtaa mkubwa wa nyumba za Kiswahili. Nyumba hizo zilijengwa kwa mpango unaojulikana pwani yote: ukumbi hupita katikati kutoka mlango wa mbele hadi ua wa nyuma, na vyumba huwa kushoto na kulia, mara nyingi sita kwa jumla. Katika Majengo mtu aliweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi: kiwanja kilikuwa cha mwingine, naye mwenye nyumba alilipa kodi ya mahali. Vyumba hivyo ndivyo vilivyowapokea wafanyakazi wa bandari na wa reli waliotoka bara miaka mingi. Siku hizi nyumba nyingi zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake. Vyumba vya Majengo hukodishwa kwa mwezi, si kwa usiku, kwa hiyo mgeni wa siku tatu huenda huko kutembea tu, halali.

Mji wa Kale

Shauri la tatu ndilo lililomvuta karani zaidi. Mji wa Kale ndio roho ya Mvita. Hapo iko Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, ikazingirwa na Waarabu wa Omani tangu mwaka 1696 hata wakaitwaa mwaka 1698, ikawa gereza katika siku za utawala wa Waingereza, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Toka ngomeni mtu hushika njia ya Ndia Kuu, akapita chini ya roshani za mbao na mbele ya milango iliyochongwa, mpaka msikiti wa Mandhry, ambao waliswali humo watu wa karne ya kumi na sita, na zaidi ya hapo iko bandari ya majahazi. Jioni wauza kahawa hupita na madele yao ya shaba, na vikombe hugongana mikononi mwao. Mtu aweza kula mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai alasiri, na mkate wa mofa usiku, asirudie chakula kimoja.

Mgeni alalaye Mji wa Kale na ajue desturi zake. Huo ni mji wa watu wenye dini. Adhana ya alfajiri itamwamsha, mavazi yawe ya heshima, pombe haiuzwi, na mtu hapigwi picha bila kuombwa. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, lakini usiku mitaa huchangamka kuliko wakati wowote mwingine. Hayo yote si mabaya, ila yafaa kujulikana kabla ya kufika.

Kilichomzuia karani kilikuwa ngazi. Nyumba za Mji wa Kale ni ndefu na nyembamba, vyumba vya wageni mara nyingi viko juu, na ngazi zake zimesimama wima. Gari halipiti katika vichochoro vyake. Magoti ya mama yangemaliza nguvu zake kabla ya kuiona ngome.

Neno la Mama

Karani aliporudi nyumbani Jumamosi, alimweleza mama yake yote hayo akiwa na ramani mkononi. Alikuwa amekwisha kukata shauri moyoni kwamba watakwenda Nyali, licha ya msongamano, kwa sababu aliamini kwamba mwanamke wa shamba hutaka kwanza kuona mchanga na maji. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, hapo unaposema, mtu akilala aweza kusikia meli zikilia?"

Karani alishangaa. Mama aliondoka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha kuukuu. Baba yake karani, ambaye alifariki mwaka 2022, alikuwa amefanya kazi ya kupakua shehena katika bandari ya Kilindini tangu mwaka 1966 hata mwaka 1981, akilala katika chumba cha Majengo pamoja na wanaume wengine watatu. Kwa miaka kumi na mitano alirudi nyumbani mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi, na leso moja. Mama alibaki akilima, akazaa, akajenga nyumba ya mawe kwa fedha zilizotumwa. Hakupata kumtembelea hata siku moja, maana shamba na ng'ombe havikuwa na mtu mwingine. Katika barua zake mume hakuandika habari za mchanga wala za kuogelea. Aliandika kwamba usiku, asipopata usingizi, husikiliza meli zikilia mlangoni mwa bandari, na kwamba sauti ile humfanya akumbuke nyumbani.

"Mimi sitaki kuoga, mwanangu," mama alisema. "Nataka kusikia alichokuwa akisikia."

Karani aliikunja ramani. Alikuwa ameipima Mombasa kwa bei, kwa saa na kwa ngazi, asipate kumwuliza yule aliyekuwa akimpeleka. Usiku ule aliifungua tena akaanza upya.

Ganjoni na Kizingo

Upande wa kusini wa kisiwa iko mitaa miwili ambayo hakuna mmoja wa wenzake aliyeitaja, yaani Ganjoni na Kizingo. Si mitaa ya kujisifia. Kizingo ina ofisi, mahakama na nyumba kubwa za tangu siku za Waingereza; Ganjoni ina maghorofa ya watu wa kawaida, maduka, na nyumba za wageni zilizo kimya. Lakini mbele yake kuna mlango wa bahari ambao kila meli iendayo Kilindini ni lazima ipite, na mlango huo ni mwembamba. Ukingoni mwake ipo barabara ya Mama Ngina, yenye mibuyu ya kale, na bustani iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019. Watu huketi pale jioni wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakinywa madafu, na meli kubwa kuliko maghorofa hupita mbele yao karibu sana.

Karani alipata chumba cha chini katika nyumba ya wageni ya Ganjoni. Kabla ya kulipa alipiga simu akauliza mambo manne: kama maji hupatikana siku zote, maana mitaa mingi ya Mombasa hununua maji kwa mikokoteni mifereji ikikauka, kama chumba kina feni, kama kitanda kina chandarua, na kama tuktuk yaweza kufika mlangoni. Maswali hayo manne yamfaa kila msafiri, hata akilala mtaa gani.

Walifika siku ya Alhamisi alasiri. Kutoka Miritini walipitia Makupa, wakaingia mjini, wakapita chini ya zile pembe kubwa za Moi Avenue zilizosimamishwa mara ya kwanza mwaka 1952, wakati wa ziara ya Binti Mfalme Elizabeth. Mama aliziinamisha shingo kuzitazama, akauliza kama ni za tembo wa kweli. Usiku ule wa kwanza hawakusikia meli. Walisikia matatu, mbwa, na feri ya Likoni kwa mbali. Karani hakulala vizuri. Aliona ya kwamba amemleta mama yake mwendo wote huo kusikiliza mbwa.

Siku ya pili walikwenda ngomeni kwa tuktuk. Mama hakupanda juu ya kuta. Aliketi uani chini ya kivuli, mwanawe akapanda na kushuka kumweleza aliyoyaona. Adhuhuri walikula pilau karibu na Marikiti, na mama akanunua leso moja mtaa wa Biashara, akiichagua mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alasiri walikwenda Majengo.

Nyumba aliyolala baba haikuwapo. Mahali pake palikuwa na ghorofa nne na duka la simu. Mzee mmoja wa mtaa, aliyekuwa ameketi barazani pa nyumba ya jirani, aliwaona wakisimama wakamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwatafuta nani?"

Karani alimweleza. Mzee hakumkumbuka baba yake, wala hakujisingizia kwamba anamkumbuka. Alisema kwamba makuli wa bara walikuwa wengi mno, na nyumba ilikuwa na vyumba sita, na kila chumba wanaume wanne. Lakini aliwaonyesha palipokuwa mlango wa mbele, na palipokuwa kisima cha uani, na njia waliyokuwa wakiishika alfajiri kwenda gatini. Kisha alimwagiza mjukuu wake alete kiti, mama akaketi hapo kando ya duka la simu kwa muda wa nusu saa, hasemi neno. Alipoondoka alimshukuru mzee kama mtu aliyelipwa deni.

Usiku wa pili, kabla ya adhana ya alfajiri, meli ililia. Ililia mara moja, kwa sauti nzito na ndefu, ambayo ilitikisa kioo cha dirisha. Karani aliamka akaona mama yake ameketi kitandani gizani, leso mpya mabegani. Hakumsemesha. Baada ya kitambo mama akasema, "Kumbe ni sauti kubwa hivi. Yeye aliandika kama ni kitu kidogo."

Asubuhi ya siku ya tatu waliketi barabara ya Mama Ngina mpaka saa nne, wakaona meli mbili zikiingia na moja ikitoka. Kisha wakaenda Miritini.

La Kujifunza

Hawakuiona bustani ya Haller. Hawakuiona kengele ya Freretown, wala hawakukanyaga mchanga wa Nyali. Wale wenzake wa ofisini walipoulizia habari, wawili wao walisema kwamba karani alikwenda Mombasa bure. Yeye hakubishana nao, ila aliwapa karatasi yake ya mahesabu kwa faida ya wengine, na imekwisha kutumiwa na jamaa wawili. Mmoja wao ana watoto wanne na alikuwa na siku sita. Akalala Bamburi, akafurahi sana. Wa pili ni mwalimu wa historia. Akalala Mji wa Kale, akapanda ngazi kila siku asinung'unike.

Kwa hiyo hapana mtaa ulio bora kuliko yote. Mwenye watoto na siku nyingi na aende kaskazini penye pwani, akiuliza saa ya maji. Mwenye biashara na akae karibu na masoko. Apendaye mambo ya kale, na miguu yake ni mizima, na alale ndani ya Mji wa Kale, akishika adabu za wenyeji. Mwenye siku chache na mzee wa kumtunza na atafute chumba cha chini, kisiwani, mahali ambapo gari hufika mlangoni. Lakini kabla ya hayo yote, kabla ya ramani na kabla ya bei, na amwulize yule anayesafiri naye anatafuta nini huko aendako. Swali hilo halina gharama, na karani wa Murang'a alikaribia kulisahau.

Mama yake sasa huwasimulia majirani habari za Mombasa wanapokutana kituo cha kupimia majani ya chai. Wao humwuliza kama bahari ni kubwa kweli. Yeye husema ni kubwa, kisha huwaeleza habari za meli.